Amenionyesha majeraha mapya, akaniapisha nisimwambie daktari

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Nimekuwa msomaji wako wa kimyakimya kwa muda mrefu, ila leo imenibidi niandike. Naomba jina langu usilitaje.

Mimi ni mama wa kambo wa binti wa miaka 15. Mama yake alifariki akiwa mdogo, nami niliolewa na baba yake mtoto akiwa na miaka 8. Nimemlea. Nimekesha naye akiwa na homa, vikao vya wazazi shuleni naenda mimi. Akiwa na siku nzuri ananiita mama na kuniambia hana mtu mwingine duniani. Lakini siku hiyohiyo yaweza kugeuka kabla jua halijazama, nikaambiwa mimi si lolote kwake, nimekuja kuchukua nafasi ya marehemu. Kesho yake asubuhi anakuja kujilaza kitandani kwangu kama vile hakuna kilichosemwa.

Kwa zaidi ya mwaka sasa amekuwa akijikata. Sweta la mikono mirefu kwenye joto kali ndilo lililotufanya tuulize. Hivi karibuni rafiki yake wa karibu alikaa jioni nzima bila kujibu ujumbe wake. Binti akasema kwisha, ameachwa, na usiku huo alijiumiza vibaya kuliko siku zote. Ndipo akalazwa kwenye wodi ya afya ya akili ya vijana.

Huko wodini mambo ni yaleyale. Muuguzi huyu ni malaika, yule ni adui, na baada ya siku mbili wamebadilishana. Nikienda kumwona ananing'ang'ania. Nikiaga anageukia ukutani na kusema nisirudi tena.

Wiki iliyopita daktari alituita mimi na baba yake. Alisema wanaona dalili za tatizo la haiba linaloitwa bodalaini. Bado hawajaliandika kuwa ndilo, wanataka aendelee kukaa wamwangalie, kisha waanze tiba ya mazungumzo ambayo na sisi wazazi tutashiriki. Mume wangu alisimama kabla daktari hajamaliza. Alisema mwanawe si mwendawazimu, ni msichana anayetaka kuangaliwa, na haiba ya mtoto wa miaka 15 haijakomaa, sasa wataiitaje mbovu? Anataka kusaini tumtoe, na anataka kabla ya kikao kijacho niwe upande wake.

Shangazi, nilikuwa karibu kukubali. Naogopa jina hilo likiingia kwenye faili litamfuata shuleni, kazini, hadi kwenye ndoa. Nimesoma kwenye intaneti watu wanavyowaandika wenye bodalaini: waongo, hatari, ukimwona kimbia. Sikulala.

Halafu Jumapili, wakati wa kutazama wagonjwa, akanivuta pembeni na kupandisha mkono wa sweta. Mistari mipya, bado myekundu. Amejifanyia mlemle wodini. Akaniambia, "Usiposema, wiki ijayo natoka. Ukisema, umenipoteza. Sitakuita mama tena." Nikaushusha ule mkono wa sweta, nikamkumbatia, sikujibu kitu.

Nikisema, nitakuwa nimethibitisha maneno ya watu kwamba mama wa kambo si mama. Nisiposema, nitalalaje? Na yapo maswali mengine ninayoona haya hata kuyauliza. Je, anatuchezea akili? Je, ni mimi niliyemharibu? Tumtoe au tumwache?

Ni mimi, mama njia panda.

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma nikairudia. Mtoto huyu amezungukwa na wauguzi, daktari, baba yake na wenzake wa wodini. Katika wote hao, aliyemwonyesha ule mkono ni wewe. Liweke hilo moyoni kabla hujaendelea kusoma.

Nikikuelewa vizuri, kuna mambo matatu yaliyokukalia kwa pamoja: jina ambalo daktari analifikiria, mumeo na kalamu yake ya kusaini, na siri. Nianze na siri, maana hiyo haiwezi kungoja kikao.

Umeieleza kana kwamba kusema ni kumsaliti na kunyamaza ni kumpenda. Sina hakika kwamba hata yeye anaiona hivyo. Mtoto aliyeazimia kuficha hapandishi mkono wa sweta mbele ya mtu. Inawezekana sehemu moja ya moyo wake ilitaka ujue, sehemu nyingine ikaogopa kitakachofuata, na zote mbili zikasema kweli kwa wakati mmoja.

Hebu tuangalie unachoweza kufanya. Unaweza kumwendea daktari kwa siri. Habari itafika upesi, lakini binti atajua imetoka kwa nani, na ile hofu yake kubwa, kwamba kila anayemwamini humgeuka, itakuwa imepata ushahidi. Unaweza kunyamaza mpaka aruhusiwe. Utakuwa umetunza ahadi ambayo kwa kweli hukuitoa (umesema mwenyewe, hukujibu kitu), lakini ataondoka na mpango wa matibabu waliopangia mtoto waliyeamini ameshaacha kujiumiza. Na nyumbani, atakapofanya tena, mtakuwa mnajua wawili tu.

Ipo pia njia ya kumrudia yeye kwanza. "Nimelifikiria lile ulilonionyesha. Siwezi kukaa nalo peke yangu, na sitalisema nyuma yako. Unataka umwambie daktari mwenyewe mimi nikiwa nimekaa kando yako, au niseme mimi ukiwepo?" Jiandae, anaweza kulipuka, akakufukuza, akaapa kila kiapo. Kwa ulivyomweleza, hasira yake inapanda haraka na kushuka haraka, na umeshaona asubuhi nyingi akirudi kujilaza kwako. Siwezi kukuhakikishia kwamba safari hii itakuwa hivyohivyo.

Hapa sitazunguka: wanaomlinda usiku wanahitaji kujua kwamba ana majeraha mapya, na siku zisipite nyingi. Akigusia kufa, hata kwa utani, au ukiona jeraha linalotisha, usingoje ridhaa yake. Mwambie muuguzi aliye zamu saa hiyohiyo. Kama hali si ya kutisha hivyo, kabla ya kuzungumza na binti muulize daktari kwa ujumla, bila kutaja lolote, wodi hiyo hufanya nini mgonjwa anapojiumiza. Wengine huzidisha mazungumzo na uangalizi, wengine hufuta ruhusa za mgonjwa hadi aone anaadhibiwa. Ukijua mapema utaweza kumwambia mtoto ukweli badala ya kumfariji kwa ahadi usizoweza kuzitimiza.

Sasa hilo la kuchezewa akili. Watafiti wamewauliza vijana wenyewe kwa nini hujiumiza, na jibu linalorudi zaidi ni kwamba wanatuliza hisia iliyowazidi nguvu. Wapo wanaojiadhibu. Wapo wanaosema walikuwa na ganzi moyoni, wakataka kuhisi chochote kile. Kuwafikishia wengine ujumbe kumo pia, ila kwa kawaida hakutangulii. Hata tukisema mumeo amepatia kidogo, ningemuuliza: binti ana njia gani nyingine ya kuomba aangaliwe, na mara ya mwisho alipoitumia alijibiwaje?

Ila msijifariji upande wa pili kwamba "anajikata tu, hataki kufa". Mwaka 2006 Matthew Nock na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti juu ya vijana 89 waliolazwa, ambao wote walikuwa wamejiumiza bila nia ya kufa katika mwaka uliotangulia. Asilimia 70 yao walikuwa wameshawahi kujaribu kujiua angalau mara moja. Mambo hayo mawili ni tofauti, lakini hukaa jirani. Kwa hiyo ni vizuri mtu amuulize waziwazi kama huwa anafikiria kufa. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo.

Katika kundi hilohilo la vijana 89, takriban nusu ndio waliotimiza vigezo vya bodalaini. Nusu nyingine walijiumiza vilevile na hawakuwa nayo. Basi majeraha peke yake hayatoshi kumpa mtu jina hilo, na nadhani ndiyo sababu daktari wenu hajaliandika. Mimi namhesabia hilo kuwa jema.

Mwongozo wa Marekani unaotumiwa na madaktari wengi unataja dalili tisa na kutaka tano. Kuna hofu ya kuachwa, uhusiano unaopanda hadi mbinguni na kuporomoka, kutojua mimi ni nani hasa, kufanya mambo ya hatari bila kufikiri, kujiumiza au kutishia kujiua, hisia zinazogeuka ndani ya saa chache, utupu usiokwisha, hasira kali, na kushuku watu au kujihisi hayupo anapoelemewa. Bila shaka ulipokuwa unasoma ulikuwa unamwona. Punguza mwendo kidogo. Kwa aliye chini ya miaka 18, mwongozo huo unataka hali hiyo iwe imedumu angalau mwaka mmoja, na isiwe inaelezeka kwa ujana wa kawaida au ugonjwa mwingine. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mfumo wake ulioanza kutumika 2022, hupima kwanza ukubwa wa tatizo la haiba, ndipo huongeza, ikihitajika, kwamba limechukua sura ya bodalaini.

Wodini mtoto anaonekana katika kipindi kibaya kuliko vyote maishani mwake, tena kati ya watu asiowachagua. Nani hatabadilika? Kwa hiyo muulizeni daktari: mnayoyaona yameanzia hapa, au mmeuliza pia alivyokuwa mwaka mzima uliopita? Mnayo barua ya mwalimu? Mmeangalia sonona, bipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kwa vipindi), kiwewe, pombe au dawa za kulevya? Na kuna aliyekaa naye peke yake, bila mimi na bila baba yake, akamuuliza kama kuna mtu anayempiga, anayemtisha au aliyewahi kumgusa vibaya? Simtuhumu mtu. Ni swali la kuulizwa kila mtoto anayejiumiza, na mara nyingi huachwa kwa kuoneana aibu.

Mumeo anaposema haiba ya miaka 15 haijakomaa, hayuko peke yake. Madaktari wengi walisema hivyo kwa miaka mingi, na wapo wanaosita mpaka leo. Ila kusubiri nako kuna gharama. Mtoto anaweza kuzungushwa miaka mitatu akitibiwa kitu kingine, dawa juu ya dawa, huku tatizo lenyewe halijaguswa. Huko Melbourne, Australia, Andrew Chanen na timu yake wameendesha kwa miaka kliniki ya vijana wenye dalili hizi, hata wale ambao hawajafikisha tano. Hoja yao ni kwamba msaada usisubiri jina. Labda hapo ndipo wewe, mumeo na daktari mnaweza kukutana: tiba ianze, jina liandikwe kwa penseli kwanza.

Kuhusu faili, usibaki na hofu ya kubuni. Uliza ni nani anayeliona, na barua ya kwenda shuleni itaandikwa nini. Mwalimu hahitaji zaidi ya kujua kwamba alikuwa mgonjwa na anarudi taratibu.

Na hao wa intaneti! Wengi wanaandika wakiwa bado na kidonda cha uchumba uliovunjika, nao wanamwandika mtu mzima fulani aliyewaumiza. Wewe una mtoto wa miaka 15. Mary Zanarini na wenzake nchini Marekani walianza mwaka 1992 kuwafuatilia watu wazima 290 waliokuwa wamelazwa na bodalaini. Baada ya miaka 10, asilimia 93 walikuwa wamepitisha angalau miaka miwili mfululizo bila kutimiza tena vigezo vya ugonjwa. Sitakupa nusu ya habari: waliofikia nafuu hiyo na pia kusimama vizuri kimasomo au kikazi na katika mahusiano walikuwa nusu tu. Dalili zinaweza kutulia wakati maisha yenyewe bado yanajengwa upya, polepole.

Yupo pia Marsha Linehan. Akiwa na miaka 17, mwaka 1961, alifungiwa katika hospitali ya magonjwa ya akili, akajiumiza humo kwa namna zilizowashinda wauguzi, akatoka baada ya zaidi ya miaka miwili. Baadaye akawa mwanasaikolojia, na ndiye aliyebuni tiba ya DBT, ambayo hufundisha stadi za kuvumilia dhoruba ya hisia bila kujiumiza. Habari zake mwenyewe alizitoa hadharani mwaka 2011.

Toleo la vijana la tiba hiyo huwaingiza wazazi, kwa hiyo huenda ndiyo daktari aliyoitaja. Muulizeni. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2018, likiwa na vijana 173, waliopata DBT walijiumiza na kujaribu kujiua kwa kiwango cha chini kuliko waliopata tiba nyingine ya mazungumzo, kipimo kikiwa mwisho wa miezi sita ya tiba. Kufikia mwaka mmoja pengo lilikuwa limepungua, maana hata wale wengine walikuwa wameendelea kupata nafuu. Kidonge cha bodalaini yenyewe hakipo. Dawa zinaweza kuhitajika kwa sonona au tatizo jingine linaloandamana nayo, na kwa kila moja mna haki ya kuuliza inatibu nini na itaachwa lini.

Tumtoe au tumwache? Siwezi kuamua nikiwa huku, na sitajifanya naweza. Akikaa zaidi kuna ulinzi na macho ya wataalamu, lakini wodi ndefu nayo ina sumu yake: masomo yanapotea, vijana huambukizana mbinu za kujiumiza, na kwa mtoto mwenye hofu ya kuachwa, kila siku humo yaweza kumthibitishia kwamba mmemtupa. Akitoka anarudi kwa watu wake na maisha yake, lakini wiki za kwanza baada ya kutoka hospitali ya akili zinajulikana kuwa na hatari kubwa ya mtu kujaribu kujiua. Kutoka kwa ugomvi, baba amesaini kwa hasira na daktari amebaki na karatasi, si sawa na kutoka kwa mpango. Kabla ya kalamu kugusa karatasi ningetaka kujua: siku zinazoongezwa ni za kufanya nini hasa? Tarehe ya kwanza ya kliniki iko ndani ya siku chache baada ya kutoka? Dawa zote na vitu vyenye makali nyumbani vitafungiwa wapi, na ufunguo atakaa nao nani? Saa nane za usiku akizidiwa, anamwamsha nani na tunampigia nani? Mpango huo uandikwe pamoja naye, kwa maneno yake. Majibu yakiwapo, kutoka kunakuwa jambo la kujadiliwa. Yasipokuwapo, hata kubaki wodini ni kuahirisha tu.

Umeniuliza kama wewe ndiye uliyemharibu. Hali hizi hujengwa na mengi: maumbile anayozaliwa nayo mtu, ambayo humfanya ahisi kila kitu kwa nguvu zaidi, misiba, na mazingira ambayo hisia hizo hazikupokelewa. Huyu alifiwa na mama yake akiwa mdogo. Kukuita mama huenda kunamfurahisha na kumtisha kwa pamoja, maana wa kwanza alimpenda na akaondoka. Simaanishi umekosea wala hujakosea popote. Familia yoyote ikienda kwenye tiba ya pamoja hukuta mambo ya kurekebisha, na yenu pia itayakuta.

Kuna kimoja kilicho ndani ya uwezo wako leo. Unapoaga, usiseme "nitarudi". Sema siku na saa, "Jumatano saa kumi", na uifike hiyo saa kumi. Akigeukia ukutani na kukuambia usirudi, rudia maneno yaleyale kwa sauti ileile, kisha ondoka. Usibembeleze, usinune. Akikuambia anaumia, mwambie unaona kwamba ameumia, halafu nyamaza kidogo kabla ya kushauri lolote. Kuukubali uchungu wake hakumaanishi umekubali anachojifanyia.

Mumeo usimwandikie hukumu bado. Baba anayesimama kabla daktari hajamaliza, mara nyingi ameshasikia kuliko anachoweza kubeba. Alimzika mke, na sasa binti wa mke huyo anajiumiza. Mkiwa wawili tu, muulize anaogopa nini jina hilo likiandikwa, na anaogopa nini lisipoandikwa halafu akajiumiza tena nyumbani. Usimuulize hayo ndani ya kikao, mbele ya daktari, ambapo atalazimika kulinda maneno aliyoyasema mara ya kwanza. Na maswali yenu mengine yaandikeni kwenye karatasi muingie nayo, awe anasoma yeye.